Miguu ya Kuazima

Mtoto akianza kuchechemea, usimwulize amejikwaa wapi. Mwinue mguu uutazame. Neno hilo Yunisi alikuwa amelihubiri nyumba kwa nyumba pale kijijini Mrindoko kwa miaka minne, tangu walipomchagua kuwa balozi wa usafi, na hapakuwa na mama ambaye hajalisikia mpaka likamchosha. Lakini asubuhi ile mwanawe Nambua alipotoka uani akikanyagia vidole kama anayepita juu ya makaa, Yunisi alimwuliza amejikwaa wapi.

"Sijajikwaa, mama. Soksi inabana."

Yunisi akaendelea kupepeta maharage. Akasema soksi mpya zote hubana, itazoea. Mtoto hakuondoka. Alisimama palepale, miaka tisa, mwembamba, kidole mdomoni kama mdogo, na ungo ukasimama mikononi kabla mama mtu hajajikubalia kwamba amesikia.

Soksi yenyewe haikuwa ya uzi. Wataalamu walioileta waliiita ngozi kinga, ila Mrindoko hawakuwa na muda wa majina marefu. Mtoto alichovya miguu kwenye beseni la uji wa kijivu mpaka vifundoni, akahesabu hadi mia, akaitoa, na kufikia jioni ule uji ulikuwa umeshika, ukawa ngozi juu ya ngozi, nyembamba, inang'aa kidogo kama mgongo wa mjusi. Ilikuwa hai. Ilikula jasho, ilikua mguu ulipokua, ikipasuka ilijiziba, na kwa miaka mitano funza aliyeigusa alikufa kabla hajapata pa kuingizia kichwa. Kuvuliwa nyumbani haikuvuliwa.

Na iliposhuka kutoka kwenye gari la mradi, wanawake walipiga vigelegele, na walikuwa na haki. Mvua za vuli zilikuwa zimeacha kuja tangu Yunisi msichana, na kiangazi kilikuwa kimefika miezi tisa. Vumbi la miezi tisa ni shamba la funza. Sakafu zilikuwa za udongo, maana saruji yote ilishuka pwani kujenga kuta za kuzuia bahari, na mtu wa milimani hakuuziwa hata mfuko mmoja. Mbuzi nao walilala ndani, maana chui waliotoroka mbuga iliyokauka walikuwa wanavunja mabanda. Mtu yuko mkekani, mbuzi yuko hatua mbili kutoka kichwani pake, vumbi liko katikati. Hapo funza ana haja gani ya kutafuta njia? Zahanati ilitoa mafuta mazito ya kumziba pumzi, matone mawili juu ya kila mmoja, akafa ndani ya wiki bila kuchokonolewa. Mafuta yalifanya kazi, tena vizuri. Ila waliokufa Jumatatu walirithiwa na wenzao Alhamisi, na binadamu huchoka. Waliochoka walirudi kwenye pini, pini moja kwa watoto sita, na mwaka uliotangulia Mrindoko ilizika watoto wawili kwa pepopunda.

Basi Yunisi akaweka ungo chini, akampakata mwanawe, akauinua mguu wa kushoto juani. Ilikuwa siku ya nane tangu watoto wachovywe. Kisigino kilikuwa kimeumuka, na soksi mahali pale ilikuwa nene kuliko kwingine, ngumu, ya njano kama gaga. Chini yake kulikuwa na vitone vitano vyeusi, kila kimoja na duara jeupe kukizunguka, mithili ya pilipili manga iliyozama kwenye ugali.

Alivijua vile vitone. Ndiye aliyevificha.

*

Mambo yaliharibika wakati wa kusomwa miguu, kabla ya kuchovywa.

Mradi ulitaka mguu safi, usio na funza hata mmoja, na gari lilikuja mapema kuliko ilivyotangazwa. Siku hizo visigino vya Nambua vilikuwa vimejaa. Na nyumba aliyotoka Nambua ilikuwa na maandishi ya chokaa juu ya mlango: NYUMBA YA MFANO. Mafuta yalikuwepo zahanati, dirisha lile lile ambalo Yunisi alikuwa akiwapanga wenzake foleni, akiwaambia msione haya, mficha maradhi kifo humuumbua. Kila siku alisema kesho nitakwenda. Kila kesho aliwaona wamama wameshajaa barazani, akapita kama ana safari nyingine. Nyumbani alifunga mlango, akachukua pini na mafuta ya taa, akamchokonoa mtoto yeye mwenyewe huku akimkataza kulia. Vichwa vingine vilibaki ndani.

Siku moja kabla ya kusomwa alikwenda kwa Nakijwa, Mama Tirisa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Akamwambia kwa sauti ya chini anaomba amwazime miguu ya Tirisa.

Nakijwa alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, shoga. Sembuse miguu!"

Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza. Hawa wawili hawakuwa majirani wa kuombana chumvi tu. Yunisi alipojifungua Nambua alishikwa na homa ya mwezi mzima, maziwa yakakauka, na Nakijwa ndiye aliyemnyonyesha mtoto yule, Tirisa ziwa la kulia, Nambua ziwa la kushoto. Pale Mrindoko walionyonya ziwa moja hawaoani, hawashtakiani, na akifa mmoja mwingine ananyolewa. Ni mwili mmoja uliogawanywa.

Na hapo ndipo walipokosea, wote wawili, kwa nia safi kabisa. Walijua jasho lina kazi. Dada Leokadia, yule binti wa mradi mwenye ubao wa nyayo, alikuwa ameeleza mkutanoni mara mbili: mtoto anapanda peku, ubao unahisi joto la kila kidonda na kuchora mistari ya nyayo, kisha kitambaa kinapitishwa katikati ya vidole kuchukua jasho, na beseni la kila mtoto linakorogwa na jasho lake mwenyewe, ili mwili uitambue soksi kuwa ni wake usipigane nayo. Yunisi alimwuliza Nakijwa itakuwaje. Nakijwa akafikiri, akajibu kwamba jasho linatoka kwenye damu, damu ya mtoto inatoka kwenye maziwa, na hawa maziwa yao ni yale yale. Jambo likaonekana lina akili. Darasa la saba hawakuwahi kufundishwa tofauti.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amelisoma na sharti: kijiji kitakachosomesha mguu wa uongo, hata mmoja, kitafutwa kwenye mradi miaka mitano. Watu wakaitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia masharti yote.

Kesho yake Tirisa alisomwa asubuhi kwa jina lake. Baada ya chakula cha mchana Yunisi, ambaye ndiye aliyekuwa mwita majina, akaita Nambua, na Tirisa akapanda tena, amevaa gauni jingine na kilemba cha mama yake. Ubao haukuuliza kitu. Ulitengenezwa kutafuta funza, haukutengenezwa kutafuta uongo. Na siku ya kuchovya, mwosha miguu wa watoto alikuwa ni nani? Balozi wa usafi. Alimsugua mwanawe kwa jiwe mpaka visigino vikawaka, akavifuta, akavitazama, akajiambia vimepona. Akaiingiza miguu ya Nambua kwenye beseni la jasho la Tirisa, akamwambia ahesabu hadi mia.

*

Sasa Nakijwa alikuwa amechuchumaa uani kwa Yunisi, amekishika kile kisigino kwa mikono miwili. Mwanawe mdogo, Kirumbe, wa miaka miwili, alikuwa amelala mgongoni.

Yunisi akasema anakwenda kituo cha mradi kesho, akaseme yote, wamvue mtoto. Nakijwa hakumpinga mara moja. Alimzungusha kwa maneno kama mtu anayemrudisha ng'ombe zizini. Alimkumbusha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano walishasomwa, hamsini na wanane, na mabeseni yao yanakuzwa sasa hivi huko kituoni. Akamkumbusha kwamba siku yao ya kuchovywa imebakiza siku kumi na mbili. Akamkumbusha wale wawili waliozikwa walikuwa na umri gani. Majina yao hakuyataja, wala Yunisi hakuyataja.

"Ngoja wadogo wachovywe," akasema. "Siku kumi na mbili tu, Mama Nambua. Wakishachovywa hawachovuliwi. Hapo nitakwenda mimi, nitasema ni mimi niliyewaazimisha."

"Na mguu?"

"Mguu ni funza watano. Tulikua nao thelathini, tukaruka kamba."

"Hatukuwa na soksi juu yake."

Nakijwa akamweka sawa Kirumbe mgongoni. Miguu ya mtoto ilining'inia pande zote mbili za kiuno chake, na Yunisi akaiona, vidole vimekwanguka, kucha moja haipo. Akajua kwamba Nakijwa ameiacha ining'inie makusudi. Akajua pia kwamba angekuwa yeye, angefanya vivyo hivyo.

"Nimekuazima wangu," Nakijwa akasema. "Sasa na wewe niazime siku."

Yunisi akakubali. Tusimlaumu upesi. Alikuwa ameita majina ya watoto wale hamsini na wanane kwa mdomo wake, mmoja mmoja; alijua nani ana kifua, nani ni wa uzazi wa mwisho, nani ana bibi tu. Akaviweka visigino vya mwanawe upande mmoja wa mzani, na hao wote upande wa pili, na siku ile mzani ulionekana dhahiri umeinamia wapi. Ubaya wa mzani wa namna hiyo ni kwamba unapimwa siku moja, lakini kilichomo ndani kinaendelea kukua.

Alijaribu ya nyumbani. Maji ya chumvi, vuguvugu, asubuhi na jioni. Majani ya mwarobaini. Siku ya tatu akachukua wembe mpya, akapasua soksi pale kwenye kisigino, mkato mfupi kama kucha. Soksi ikaufuata wembe. Kabla chuma hakijatoka, nyuma yake palikuwa pameshaziba, na kesho yake pale alipokata palikuwa na uvimbe mgumu unaopanda kuelekea kwenye kano. Ndivyo ilivyoumbwa: ikihisi kidonda inaongeza unene ikifunike. Chini yake funza walikuwa wamekufa na wanaoza, na mwili wa Nambua ulikuwa umegundua kwamba kilichouvaa si chake. Kwa hiyo mwili ulipigana na soksi, soksi ikadhani inajeruhiwa, ikakaza. Ikikaza, mwili unazidi kupigana. Wawili hao hakuna aliyekuwa na kosa.

Mguu wa kulia, ambao haukuwa na funza, ulikuwa mwekundu na unawasha tu. Wa kushoto ulianza kubadilika rangi siku ya sita.

Shule Nambua aliacha kwenda. Yunisi akamwambia mwalimu ni malaria. Tirisa alikuja kila mchana na madaftari, akimwiga mwalimu, akimwiga mwenyekiti anavyopiga chafya katikati ya hotuba, mpaka mgonjwa akacheka. Kisha aliondoka mbio, na zile soksi zake zikang'aa vumbini, zimemkaa kama alizaliwa nazo. Nambua alimtazama mpaka akapotea.

"Mama," akasema, "nikienda nikasema aliyesomwa si mimi, watanivua?"

"Nani amekwambia useme?"

"Hakuna. Nauliza."

"Basi usiulize."

Mtoto akageukia ukutani. Hakuuliza tena, siku ile wala iliyofuata, na Yunisi akaendelea kuhesabu. Zimebaki sita. Zimebaki tano. Jirani yake naye alikuwa anahesabu; asubuhi walisalimiana kwa vidole tu juu ya ukuta.

Siku ya tisa alimgusa mtoto vidole vya mguu wa kushoto akavikuta vya baridi. Akabonyeza kimoja. Akasema, unasikia? Nambua akamwuliza anasikia nini.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Yunisi hakumuaga Nakijwa. Alisimamisha bodaboda ya betri barabarani, akampakata mwanawe katikati, wakashuka mlima.

*

Kituo cha mradi kilikuwa nyumba mbili nyeupe na jokofu refu kama ukuta, linaloguna muda wote. Dada Leokadia aliwapokea yeye mwenyewe. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, macho mekundu kwa kazi, na alimwamkia Yunisi shikamoo kabla hata hajautazama mguu. Alipoutazama hakufoka wala hakukunja uso. Alivuta pumzi tu, akasema mamia ya soksi yameshika vizuri, moja moja hukataa, ndiyo maana kila mtoto ana chupa yake.

Akaeleza akiwa anavaa glovu. Jasho lililokuza soksi lilikuza na kiyeyusho chake cha kuivulia, kikawekwa kwenye jokofu kwa jina la mtoto. Alitoa chupa ndogo, akaigeuza waione: NAMBUA, namba, kijiji. Yunisi alishukuru kimoyomoyo. Kumbe ilikuwepo! Siku zote tisa ilikuwa hapa, imeandikwa jina.

"Mguu hausomeki tena kwa uvimbe," Leokadia akasema, kalamu juu ya fomu. "Nitategemea jina. Huyu ndiye aliyesomwa siku ile?"

"Ndiye," Yunisi akasema.

Ilitoka kirahisi. Siku tatu tu, alijiambia. Mtoto atavuliwa leo, wadogo watachovywa mtondo, na siri itaozea kaburini. Kwa mara ya kwanza tangu lile jambo lianze aliona njia ambayo hakuna anayelia. Leokadia akamimina chupa kwenye beseni dogo la chuma, akaongeza maji, na huku akikoroga alizungumza na Nambua kumpunguzia hofu, kama mwalimu mzuri anavyofanya.

"Haitauma, mdogo wangu. Hiki kinakula kila kitu kilicho hai, soksi, funza, hata kidole changu kikiingia. Ngozi moja tu ndiyo hakiigusi: yako. Kinaijua kwa jasho lake."

Akakishika kifundo cha Nambua. Mguu ukaelekea kwenye beseni.

"Binti, usimtie," Yunisi akasema. "Jasho hilo si lake."

Leokadia hakuelewa, au hakutaka. Mguu ulibaki hewani. Yunisi akasema tena, na baada ya hapo maneno yakamwagika yote kwa pamoja, gauni, kilemba, ziwa la kulia na la kushoto, mpaka akafika mwisho. Jokofu liliguna. Leokadia akaushusha mguu juu ya taulo polepole, akalifunika beseni kwa mfuniko, akavua glovu.  Mguu ulikuwa umebakiza kiasi cha kiganja kugusa kiyeyusho.

Akauliza tangu lini mtoto amechechemea. Yunisi akamwambia. Binti akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Kiyeyusho kipya kinakuzwa siku kumi na mbili," akasema. "Ungekuja siku ile ile, mama, kingebakiza siku tatu. Siku tatu ningeuvumilisha kwa sindano. Kumi na mbili siwezi. Hauna hata mbili."

Yunisi hakulia. Alipiga magoti sakafuni, sakafu ya saruji, akamwomba jambo moja. Mguu wameshaupoteza, basi aandike taarifa baada ya siku tatu. Wale wadogo wachovywe kwanza. Amwandikie yeye kosa lolote, amfunge, lakini baada ya siku tatu.

Leokadia alimwinua, akamketisha. Alisema daktari wa mkoa hakati mguu wa mtoto bila kuandikiwa sababu, na sababu ni hiyo moja. Kisha akaligeukia beseni, akawa kama anasema nalo.

"Na nikikusaidia kuficha, nitajuaje ni wewe peke yako? Wako hamsini na wanane. Akiwemo mwingine mmoja wa kuazima, mimi ndiye nitakayemvisha."

Yunisi alifungua mdomo kuapa kwamba hayumo. Akakumbuka foleni ya wale wadogo, na wamama walivyokuwa wakinong'onezana, na yeye mwenyewe akiita majina bila kuinua macho. Akaufunga.

Ndivyo ilivyokuwa. Alisubiri siku nyingi mno kwa mwanawe, na chache mno kwa wana wa wenzake.

*

Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya kifundo siku iliyofuata. Wa kulia ulingoja chupa mpya, ikafika kwa wakati, soksi ikayeyuka. Ukabaki na makovu na vidole vitatu. Barua ya mradi ilifika Mrindoko kabla Nambua hajarudi. Mabeseni hamsini na manane yalimwagwa hukohuko kituoni. Wakubwa waliokwisha kuvaa waliachiwa soksi zao, na wadogo wakaachiwa vumbi.

Watu waliogopa kwamba Yunisi atapigwa, lakini hakupigwa. Walimpa pole, wakamletea ndizi na maziwa mgando, wakamshika Nambua kichwa. Mwenyekiti alimwondoa kwenye ubalozi kwa maneno mazuri. Yale maandishi ya mlangoni aliyakwangua mwenyewe. Kisha, Nambua alipoanza kutembea na magongo, Yunisi alikwenda zahanati mchana kweupe, barazani pamejaa, akaomba mafuta mazito, chupa kubwa. Akaanza kupita tena nyumba kwa nyumba, bila kutumwa na mtu. Alitaka kuwaambia kwamba haya yapo, matone mawili tu, sabuni kila jioni, nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia, mtenganisheni mbuzi na mtoto hata kwa mkeka. Alitaka kusema kwamba kilichomkata mwanawe mguu si funza.

Alikaribishwa kila mahali. Alipewa kigoda, akaulizwa hali ya mgonjwa. Na kila mahali, hodi ilipoitikiwa, alisikia kwanza mchakacho wa haraka ndani, kama kuku wanaofungiwa. Akiingia anawakuta watoto wamekalia miguu yao, wote, wanamtazama. Hana kitu, mama zao walisema. Huyu hana kitu, na huyu hana kitu. Kijiji kizima kilikuwa kimeona kinachompata mama anayeonyesha mguu wa mwanawe.

Kwa Nakijwa alikwenda mwisho. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile. Nakijwa alikuwa anamenya viazi mlangoni, Kirumbe yuko mkekani nyuma yake, kanga imemfunika kuanzia kiunoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Shoga," Yunisi akasema, "nimekuja nimtazame mtoto."

"Hana kitu."

"Mafuta haya hayaandikwi popote. Nitaweka mimi, sasa hivi, niondoke."

Nakijwa akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitupia kwenye sufuria, akachukua kingine. "Na yule binti wa kituoni," akasema, "naye si alikuamkia vizuri kabla hajaandika?"

 Yunisi akakaa chini pale kizingitini, chupa mapajani, kwa sababu hakujua aende wapi. Nakijwa hakumfukuza. Walikaa hivyo, mmoja anamenya, mwingine anatazama, na chini ya kanga mguu mmoja wa Kirumbe ulikuwa unausugua mwenzake, polepole, bila kuacha.